Ninunue kisanduku gani cha kuwekea mafaili? Maswali ya wasomaji na majibu ya fundi

Assalaam alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba na nyie mlio nje. Safari hii nimeamua barua zote ziwe za jambo moja, pa kuweka mafaili, mana zimekuja na nyengine kwa kweli zinatia huruma, mtu kazi yake ya miaka yote imo ndani ya diski moja ya USB na diski yenyewe anatembea nayo mfukoni. Nimezipunguza kidogo zienee. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu mambo mengi yamo humo humo.

SWALI: Fundi salaam. Mimi napiga picha na video za harusi, ofisi yetu ipo Mwembeladu na tuko watu watatu. Mpaka leo kazi zetu tunaweka kwenye diski za USB, ziko kumi na moja kwenye droo, tulizoandika kwa maka peni maandishi yashafutika, bi harusi akija kutaka picha zake za mwaka juzi tunachomeka moja moja mpaka tuzipate. Moja ishakufa. Nimeambiwa ninunue NAS. Nimeiona ya diski mbili bei yake naiweza, na ya diski nne bei yake inanikaza roho. Pesa si nyingi ila sitaki mwakani niambiwe imejaa ninunue nyengine. Nichukue ipi?
Mpiga picha, Mwembeladu

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu, na pole kwa hiyo iliyokufa, mana najua ndani yake mlikuwa na harusi za watu.

Kwa wasioijua, NAS ni kompyuta ndogo isiyo na kioo, ndani ina vyumba vya kutia diski, unaichomeka kwenye rauta au swichi, kile kigawanyo cha waya za mtandao, kwa waya wa mtandao na kila mtu ofisini anaiona kwenye laptopu yake kama folda. Neno langu kubwa kwako ni hili, kisanduku nunua kikubwa kuliko haja yako ya leo, diski nunua chache kuliko tamaa yako. Watu wengi wanafanya kinyume, wanachukua kisanduku cha vyumba viwili kwasababu rahisi halafu wanajaza madiski makubwa kabisa waliyoyapata dukani, mwaka wa pili pakijaa hawana pa kuongeza, inabidi diski zote mbili zitoke ziingie nyengine kubwa zaidi, yani pesa ya diski wamelipa mara mbili.

Tupige hesabu ya harusi moja kwanza. Picha moja ya RAW, yani mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera, kwa kamera za sasa ni kama mega 25 mpaka 30, tuseme mnapiga picha 2,000, hiyo ni giga 50 mpaka 60. Video ya 4K kwa spidi ya megabiti 100 kwa sekunde (megabiti nane ndo mega moja) inakula giga 45 kila saa, kamera mbili kwa saa nne ni giga 360. Jumla harusi moja kama giga 420. Mkifanya harusi 30 kwa mwaka, mfunguo mosi peke yake mnaweza kufanya ngapi, mnafika tera 12 na kitu. Lakini hiyo ni kama mnaweka kila kitu milele. Mkikubaliana kwamba miezi sita baada ya mteja kuchukua kazi yake, video mbichi zinafutwa na zinabaki picha zilizochaguliwa na video iliyokamilika, tuseme giga 60 kwa harusi, mwaka mzima haifiki hata tera 2. Kwahiyo kabla ya kwenda dukani kaeni nyinyi watatu mlizungumze hilo na muwaandikie wateja kwenye risiti, mana hapo ndo penye pesa nyingi kuliko kwenye kisanduku chenyewe.

Sasa vyumba. Kisanduku cha viwili ukitia diski mbili za tera 8, unapata tera 8 tu za kutumia, kwasababu diski ya pili ni nakala ya ya kwanza, moja ikifa nyengine inaendelea. Kisanduku cha vinne unaanza vile vile na mbili za tera 8, unapata tera 8 zako, vyumba viwili vinakaa vitupu havidai kitu. Mwakani unanunua moja, unapata tera 16. Mwaka unaofuata unatia ya nne, unapata 24, na wakati wote diski moja ikifa hupotezi kitu. Hakuna diski iliyotoka, kila shilingi uliyotoa mwanzo bado inafanya kazi. Ndo mana nakwambia jikaze uchukue cha vinne hata ukianza na diski za tera 4.

Wauzaji watakwambia hata cha viwili kinaongezeka. Uliza vizuri hapo, mana sura haikwambii kitu. Chukua mfano wa kampuni ya Synology, DS224+ na DS723+ vyote ni vya vyumba viwili na vinafanana kama mapacha, lakini cha kwanza hakipokei kisanduku cha nyongeza na cha pili kinapokea, unakifunga na DX517 yenye vyumba vitano unakuwa na saba. DS923+ ina vinne, ukiongeza hiyo hiyo inakuwa tisa. Ila mimi sikushauri uitegemee nyongeza, kwasababu DS923+ ilipotoka 2022 Marekani ilikuwa kama dola 600 bila diski na ile DX517 peke yake inakaribia dola 500, karibu bei ya kisanduku kizima, kwahiyo vyumba vya bei rahisi ni vile ulivyonunua mwanzo. Na hapa kwetu bado hujaweka usafiri na ushuru. Siku ukifika huko kweli, basi diski za kwenye nyongeza zipangie eneo lake la kuwekea mafaili peke yake, usichanganye eneo moja likawa nusu huku nusu kule, mana ule waya unaounganisha ukichomoka tu eneo zima linaanguka.

Jambo jengine la kuuliza ni vipi kinachanganya diski. Kwenye RAID ya kawaida, yani ule mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, diski zote zinahesabiwa kwa ile ndogo kabisa, ukiwa na za tera 4 mbili na ya tera 8 moja, ile ya 8 inahesabiwa 4. Synology wana mpango wao unaitwa SHR, na TerraMaster wana wa kwao unaitwa TRAID, hizi zinakubali diski za ukubwa tofauti na zinatumia sehemu kubwa zaidi ya kila moja. Hesabu yake ya haraka, jumlisha zote kisha toa ile kubwa kabisa moja. Tera 4, 4, 8 na 8 jumla 24, toa 8, unabaki na 16. Kwa mtu anayenunua diski moja moja kila akipata pesa, hii ndo inamfaa, ila ushike sharti lake, diski unayoiongeza baadae iwe sawa na kubwa uliyonayo au ikubwe zaidi, usirudi chini. QNAP nao wana vitu vizuri, TS-464 ina vyumba vinne na matundu mawili ya mtandao ya giga 2.5, lakini huko diski nunua za ukubwa mmoja tangu mwanzo.

Na kuhusu Synology, huenda umesikia kwamba inataka diski za kwake tu. Ni kweli mwaka 2025 visanduku vyao vipya vya daraja la Plus vilitoka na sharti hilo, watu wakalalamika sana, Oktoba mwaka huo huo wakalegeza kwa programu yao mpya DSM 7.3. Kwahiyo ukinunua cha mwaka huo, kwanza hakikisha umeisasisha programu.

Diski zenyewe, hapa nakuomba usikimbilie bei. Kuna diski ambazo mistari yake ya kuandikia imepandana kama makuti ya paa, zinaitwa SMR. Makuti ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima uinue lililo juu yake, na diski hizi ndo hivyo, kila ikitaka kuandika upya sehemu moja inabidi iandike tena na majirani zake, kwa matumizi ya nyumbani huoni tatizo, ila siku diski mwenzake imekufa na kisanduku kinajaza diski mpya kwa masiku, hapo inachoka na kisanduku kinaweza kuitoa kikidhani mbovu. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba WD walikuwa wameweka aina hiyo ndani ya WD Red za tera 2 mpaka 6 bila ya kusema, na baada ya kelele wakazitenganisha, zisizo za makuti zikaitwa Red Plus. Kwahiyo neno moja tu, Plus, ndo tofauti. Seagate chukua IronWolf, Barracuda waachie kompyuta za mezani.

Sasa umeme, na hili nalisema kwa uchungu. Kisanduku bila UPS, yani ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa hapa kwetu usinunue, bora ununue diski ndogo lakini UPS iwepo. Wale wa umri wangu mnakikumbuka kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme kutoka bara ulipokatika Unguja nzima ikakaa miezi mitatu kwa majenereta. Nilikuwa na kompyuta yangu naiendesha kwa jenereta ndogo, mafuta yakiisha inazimika tu puu, nikijaza naendelea, sikujali. Siku moja nikawasha nikasikia diski inagonga tk, tk, tk, kimya kidogo, tk, tk, tk, na kioo cheusi. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu baba yangu anasoma maulidi, kanda nilizihamisha mwenyewe kwa mkono wangu usiku baada ya usiku, na kanda zenyewe nilishazigawa nikiamini zishakuwa salama kwenye kompyuta. Sikuipata tena ile sauti mpaka leo. Kwahiyo UPS, na ile yenye tundu la USB nyuma, unaunganisha waya na kisanduku ili umeme ukikatika UPS ikiambie na kijizime chenyewe kwa adabu kabla betri haijaisha. Betri yake baada ya miaka mitatu hivi ijaribu, chomoa waya wa ukutani kusudi wakati hakuna kazi uone inachukua dakika ngapi.

Na hadithi hiyo inanipeleka kwenye la mwisho kwako. Diski mbili zinazofanana ndani ya kisanduku kimoja si bekapu. Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kote kote, mwizi akichukua kisanduku kachukua zote mbili, bomba la maji la juu likipasuka zote zimerowa. Zile diski kumi za USB zilizobaki kwenye droo usizitupe, zipimeni, zilizo nzima zifanyeni bekapu ya kazi zilizokamilika na zikae nyumbani kwa mmoja wenu, si hapo hapo ofisini. Kila Ijumaa moja iende na moja irudi.

Nilisahau swichi. Angalia kama swichi na rauta yenu ni za gigabiti moja. Zile za zamani za megabiti 100 zinapitisha kama mega 11 kwa sekunde, harusi yako ya giga 420 itachukua zaidi ya saa kumi kuhama. Ya gigabiti moja inapitisha kama mega 110, saa moja na dakika kidogo mmemaliza. Swichi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa na watu wanalaumu kisanduku bure.

SWALI: Assalaam alaykum kaka fundi. Nasomesha skuli Chake Chake, tuna maabara ndogo ya kompyuta 14 na tunataka pahala pa kuweka vitabu, mitihani ya nyuma na video za masomo wanafunzi wazione bila ya intaneti. Hatuna bajeti ya NAS. Tuna kompyuta ya mezani ya zamani haitumiki, RAM 4. Inaweza kufanya kazi hiyo au nijitahidi kutafuta wafadhili wa kisanduku?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Wa alaykum salaam mwalimu wangu. Inaweza, tena vizuri. Tafuta programu inaitwa OpenMediaVault, ni ya bure, imejengwa juu ya Debian ambayo ni aina ya Linux, na RAM 4 kwake ni nyingi. Kuna na TrueNAS ni nzuri sana ila hiyo inataka RAM 8 kwenda juu, kwahiyo iache. Fungua hiyo kompyuta uhesabu matundu ya SATA, yale ya kuchomekea diski, kwenye bodi, mara nyingi yako manne, na uangalie waya za umeme za kulishia diski ziko ngapi na nafasi za kuzifunga kwa skrubu ziko ngapi, hizo tatu ile iliyo ndogo ndo idadi ya diski zako. Programu yenyewe iweke kwenye kidiski kidogo cha SSD mbali na mafaili. Usiunge unge madiski ya USB kwa waya na hab ukayafanya RAID, waya mmoja ukitikiswa na mwanafunzi umeharibu kila kitu.

Watu watakwambia kompyuta ya zamani inakula umeme. Ni kweli ila tuhesabu. Kompyuta hiyo ikikaa tu inakula kama wati 70, kisanduku cha NAS chenye diski mbili kama wati 25. Zikiwashwa usiku na mchana mwezi mzima, kompyuta ni uniti 50 na kisanduku ni 18, kwa mtu wa ofisini ambaye haizimi, hizo uniti 32 kila mwezi zitamrudia kwenye tukuza, yani umeme wa kulipia kabla, na kwa miaka kadhaa kisanduku kinajilipa. Lakini nyie ni skuli. Mkiiwasha saa tisa kwa siku, siku 26, mnakula uniti 16 tu, chini ya kisanduku kinacholala kinawaka. Kwahiyo kwenu nyinyi ya zamani imeshinda, muhimu izimwe kwa kubonyeza kwenye programu, si kwa kuchomoa ukutani wakati mlinzi anafunga milango. Unaweza kuiwekea saa ijizime yenyewe.

Wafadhili wakipatikana waombe diski mbili mpya na UPS. Kasha unalo tayari.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nasimamia gesti ya vyumba tisa Mji Mkongwe. Tunataka NAS moja iwe ya kamera nane za ulinzi na ya mafaili ya ofisi pamoja na skani za pasipoti za wageni. Tulifungiwa moja ya kuazima kujaribu, ikawa polepole mno, kufungua faili moja unasubiri mpaka unachoka. Tatizo kisanduku kidogo au?
Msimamizi wa gesti

JIBU: Nzuri dada yangu. Kwanza nikuulize, hiyo laptopu ya mapokezi ilikuwa inatumia Wi-Fi? Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe na chokaa, nyengine zinafika nusu mita na zaidi, Wi-Fi ikivuka ukuta mmoja ishachoka, wa pili haifiki. Vuta waya, Cat5e inatosha, inabeba giga moja mpaka mita 100. Na kama waya upo tayari basi chomoa plagi yake uitazame kwa tochi, yale meno nane madogo ya shaba. Gesti nyingi karibu na bahari nimeyakuta yameota ukijani kwa chumvi ya hewani, hapo kifaa kinashuka chenyewe mpaka megabiti 100 au kinapotea potea, na mtu anabadilisha kisanduku wakati tatizo ni plagi ya shilingi kidogo. Kata, tia plagi mpya. Kisanduku chenyewe usikiweke dirishani wala juu ya friji ya jikoni, na usikifungie kabatini kikakosa pumzi, vingi vimeandikwa visitumike joto la chumba likipita digrii 40, na ukiona diski zenyewe zinasoma zaidi ya 50 jua hewa haipiti.

Sasa kamera. Kamera moja ya megabiti 4 kwa sekunde inaandika giga 43 kwa siku, nane ni kama giga 345, siku 30 umepita tera 10. Hilo peke yake linajaza kisanduku kizima na linaandika usiku na mchana bila kupumzika, halafu mafaili yako ya ofisi yanagombania humo humo. Mimi ningetenganisha. Kamera zipe rekoda yake ya kawaida na diski moja iliyotengenezwa kwa kamera, WD Purple au SkyHawk ya Seagate, uamue siku 14 zinatosha, hapo hata diski ya tera 6 inafaa. Sehemu kama ngazi na ukumbi weka irekodi mtu akipita tu, itapungua zaidi. Mafaili ya ofisi yote hayafiki pengine giga 200, kwahiyo kwako wewe, tofauti na ndugu yetu wa Mwembeladu, kisanduku cha vyumba viwili chenye diski mbili za tera 2 au 4 ni kikubwa tele na usikubali kuuziwa cha vinne.

Skani za pasipoti ziweke folda yake yenye pasiwedi yake, watu wawili tu waijue, na mgeni akiondoka na muda wa kuziweka ukipita zifutwe. Hizo ni amana za watu.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi mtu mzima nipo Wete. Wajukuu wamenitilia picha zote za ukoo kwenye kisanduku cha mtandao, nimefurahi sana. Wanangu wapo Muscat na mmoja London, wanataka wazione huko huko. Kijana wa mtaani kanambia atafungua mlango kwenye rauta ndani ya dakika tano. Nimruhusu?
Mzee wa Wete

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usimruhusu, si kwa ubaya wake, ila huo mlango akiufungua unakuwa wazi kwa dunia nzima. Aprili 2021 wenye visanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi namna hiyo waliamka wakakuta mafaili yao yamefungwa na wezi wanadai pesa, wezi hao wakijulikana kwa jina la Qlocker, na Januari 2022 wakaja wengine wa DeadBolt wakafanya yale yale. Picha za ukoo wetu hazina thamani kwa mwizi ila anajua zina thamani kwako. Mwambie kijana akuwekee VPN, yani njia ya siri mtandaoni wanayopita wanao peke yao, ya rahisi kuiweka ni Tailscale, kwa familia inatumika bila malipo, inawekwa kwenye kisanduku na kwenye simu za wanao, na rauta haiguswi. Itamchukua nusu saa badala ya dakika tano. Na kisanduku kisasishwe programu kila zikitoka, hiyo kazi mpe mjukuu mmoja iwe yake.

Pia mzee, wewe ndo unayewajua waliomo kwenye zile picha za zamani. Kaa na mjukuu akuandikie majina kwenye kila picha wakati bado unayakumbuka.

SWALI: Kaka, nimeona diski za mtumba za tera 8 zilizotolewa kwenye seva za nje, bei yake kama nusu ya mpya. Nizitie kwenye NAS yangu au nitaungua?
Kijana wa Amani

JIBU: Si haramu kaka, mimi mwenyewe ninazo mbili zinafanya kazi. Ila usinunue kwa macho. Nenda na laptopu na kile kiunganishi cha kutia diski kubwa kwenye USB chenye umeme wake, pakua CrystalDiskInfo ambayo ni ya bure, ichomeke mbele ya muuzaji. Tazama saa ilizowaka, mwaka mmoja ni saa 8,760, kwahiyo ikisoma 40,000 imefanya kazi miaka minne na nusu bila kulala, hapo bei iwe chini ya nusu au uiache. Tazama mstari wa sekta zilizohamishwa na ule wa sekta zinazosubiri, zote mbili ziwe sifuri, ikiwa si sifuri irudishe hapo hapo hata akikupunguzia. Ikisoma saa kidogo sana, kama kumi hivi, na kasha limechakaa, basi ishafutwa hesabu yake, usiamini.

Hakikisha pia ni ya SATA, mana seva nyingi zinatumia SAS ambayo ni aina nyengine ya plagi, ukiitazama haraka unaona sawa ila kwenye ya SAS pale katikati ya plagi mbili pamezibwa hapana mwanya, hiyo haitaingia kwenye kisanduku chako. Ukishainunua usiitie data siku hiyo hiyo. Iache ifanyiwe uchunguzi mrefu wa SMART, yani diski kujipima yenyewe, ndani ya NAS, kwa tera 8 inaweza kuchukua zaidi ya nusu siku, ikimaliza salama ndo uitie kazini, na ya pili yake ikiwezekana iwe mpya, ili zisizeeke pamoja.